Nati Moja ya Chuma Ndani ya Pipa

Vijana wangu, kabla sijasema lolote, teremsheni mikono ya mashati hadi kwenye vifundo vya mikono, kisha mfunge vifungo. Najua karakanani kuna joto. Fungeni tu, mtanishukuru kesho.

Siku yangu ya kwanza kukata fito za faiba, hizi bolti ndefu za nyuzi za kioo, nilivaa fulana ya mikono mifupi. Nilikata fito ishirini na mbili kwa msumeno mkavu, bila maji, bila barakoa, huku naimba. Vumbi lake ni laini, linang'aa kidogo, wala halikusumbui pale pale. Lilinisubiri hadi Jumapili, nikiwa kanisani katikati ya mahubiri. Nilijikuna shingo, nikajikuna kwapa, nikahamia mgongoni kwa kujisugua kwenye benchi. Mama mmoja wa jumuiya yetu ya Ganako alianza kusogea kidogo kidogo, akambeba na mtoto wake akasogea naye. Baada ya misa alinifuata nyumbani kwa heshima zote na dawa ya upele imefungwa kwenye leso.

Nilipomsimulia Fundi Shabani, aliyenifundisha kazi, alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo. Kisha akanifundisha: ukishapatwa na vumbi la faiba, oga kwanza kwa maji ya baridi na usijisugue, kwa sababu maji ya moto yanafungua ngozi na kuyakaribisha machembe ndani. Kata kwa msumeno wa meno madogo, lowanisha mahali unapokata, ziba pua na mdomo. Na ukimaliza kukata, paka resini, ile gundi inayokauka ikawa ngumu, kwenye ncha uliyoikata, la sivyo maji yataingia katikati ya nyuzi na fito itaoza kuanzia ndani bila kukuambia.

Nimeombwa niandike juu ya kufunga mitambo kwa fito hizi, na nitaandika. Lakini nitaandika pia juu ya ngozi ya ng'ombe iliyoletwa na mwanamke mmoja wa kijiji cha Piyaya aitwaye Naserian, niliyoiharibu kwa mkono wangu. Bila hiyo ngozi, haya mengine mtayasoma leo na kuyasahau kesho.

Kiwanda chetu cha ngozi kilikuwa nje kidogo ya mji wa Karatu, na upepo ukigeuka mji mzima ulijua kwamba tupo. Magari ya watalii yanayopanda kwenda Kreta ya Ngorongoro yalikuwa yakifunga vioo yakifika kwetu. Sisi tulishazoea. Mume wangu, Mungu amrehemu, alisema alinijua nimefika nyumbani kabla mbwa hajabweka.

Kazi yangu haikuwa ngozi zenyewe, ilikuwa mitambo: pampu, mabomba, na hasa mapipa. Pipa la ngozi si hili la kuwekea maji. Ni la mbao nene, kubwa kiasi kwamba mtu mzima anaingia na kusimama, limelazwa ubavu na linazungushwa na mota. Ndani yake kuna vibao vinavyozinyanyua ngozi na kuziangusha, zinyanyuke tena na kuanguka tena, siku kadhaa, ndani ya maji ya magome ya miwati. Maji hayo ndiyo yanayoigeuza ngozi mbichi kuwa ngozi ya kutengenezea kiatu.

Sasa shikeni hili moja. Maji ya magome na chuma hayapatani hata kidogo. Yakikutana yanatoa wino. Msumari mmoja, hata unga wa kutu unaokaa kwenye kucha, unatosha kuacha doa jeusi linaloelekea bluu kwenye ngozi, na doa hilo linazama. Ongeza chumvi, chokaa na asidi tunazotumia kabla ya hapo, utaelewa kwa nini bolti za kawaida hazina maisha mle ndani. Kwa miaka mingi tulifunga vibao kwa bolti za shaba tulipozipata, na kwa vigingi vya mbao alivyochonga Fundi Shabani tulipozikosa.

Fundi Shabani alitoka Tanga, seremala wa mapipa tangu ujana wake. Miwani yake ilifungwa kwa uzi wa viatu. Alikuwa na Kiswahili cha taratibu ambacho sisi Wairaki wa Karatu tulikisikiliza kama redio, na katika miaka yote niliyokuwa chini yake sikumsikia akipaza sauti. Hilo lilinitesa kuliko makelele, maana mimi nilikulia kwenye nyumba ambako watu walifoka, yakaisha, tukala.

Fito za faiba zilipofika mara ya kwanza tulidhani tumeibiwa. Sanduku lilikuwa refu kama la kubebea mabomba, lakini mpakuzi alilishusha kwa mkono mmoja huku anaongea na simu. Ndani mlikuwa na fito za kijani hafifu, zenye meno ya bolti kuanzia mwanzo hadi mwisho, pamoja na nati zake na washa zake, zile pete bapa za kukaa chini ya nati, zote za faiba. Mchomeleaji wetu alichukua moja, akaigonga chini, ikatoa sauti ya kijiti. Akasema, "Hii ni ya kuchezea watoto." Alijaribu kuipasha moto aipinde. Haikupinda, ilitoa moshi wa harufu mbaya, na katika kiwanda chetu harufu ikiitwa mbaya basi jueni ni mbaya.

Fundi Shabani alikata vipande viwili, akavitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya magome, na bolti ya chuma akaitumbukiza kwenye ndoo nyingine ya maji hayo hayo. Baada ya siku tatu akatuita. Ndoo ya bolti ilikuwa wino mtupu. Ndoo ya faiba ilikuwa na maji yale yale ya kahawia. Akamtazama mchomeleaji akamwambia kwa upole, "Watoto wana vitu vizuri vya kuchezea siku hizi."

Tulianza kubadilisha kibao kimoja kimoja. Na hapa ndipo niwaonye ninyi wenye misuli.

Mimi nililima tangu nikiwa na miaka sita. Mikono yangu ilikuwa na nguvu na nilijivunia, maana nilipoingia karakanani kulikuwa na wanaume waliosubiri kwa hamu nishindwe kufungua bolti. Nilizifungua. Nilichomeka bomba kwenye mkono wa spana kuurefusha, nikaning'inia, bolti ikalia na kutii. Hivyo ndivyo nilivyojua kazi: kaza mpaka chuma kilie, halafu ongeza kidogo.

Faiba haitaki ubabe. Fito yenyewe ukiivuta kwa urefu wake ina nguvu ya kushangaza, lakini meno yake ni dhaifu kuliko ya chuma, na hayalii. Unakaza, unakaza, unahisi vizuri, halafu ghafla mkono unakuwa mwepesi. Meno yameliwa. Ukiona nati ya faiba inazunguka kirahisi baada ya kuwa ngumu, weka spana chini. Fundi Shabani alitufundisha kukaza kwa vidole mpaka mwisho, kisha spana fupi, nusu mzunguko, basi. Weka washa pana ili mzigo usambae. Ukiogopa mtikisiko wa pipa, usiongeze nguvu, ongeza nati ya pili ikae juu ya ya kwanza na kuizuia. Siku hizi mna spana zinazopima nguvu zenyewe na kulia zikitosha. Zitumieni, hazikuwekwa kabatini kwa ajili ya wakaguzi.

Sasa yangu. Ilikuwa pipa la pili, kibao cha mwisho, nati ya mwisho. Fundi Shabani alikuwa ameenda msikitini. Nilikaza kwa vidole, nikakaza nusu mzunguko, nikasimama. Nikasema moyoni, kibao hiki kinabeba ngozi nzito, nusu mzunguko hautoshi. Nikachukua bomba langu.

Mkono ukawa mwepesi.

Nati za akiba zilikuwa zimeisha. Zaidi ya hayo, asubuhi ile ile Fundi alikuwa ameniambia mbele ya wote, "Paskalina sasa amelielewa pipa." Sikuwahi kusifiwa na mtu yule mbele ya watu. Nilitoka, nikaenda kwenye kopo la nati za chuma, nikatafuta yenye ukubwa ule na washa yake, nikaifunga nyuma kidogo ya meno yaliyoliwa. Ilishika vizuri. Nikaimwagia resini nene juu yake, nikailainisha kwa kidole, nikaipaka na rangi ya mbao. Ilipendeza kuliko zote. Fundi aliporudi akaingia na tochi, akapita, akatoka, akasema, "Ahsante, mwanangu."

Nilijiambia ni nati moja tu. Nilijiambia nati mpya zikija nitaibadilisha kimya kimya. Nati mpya zilikuja wiki iliyofuata. Lakini pipa lilikuwa na kazi, na resini ilikuwa imekaa vizuri mno, na ningetoa sababu gani ya kuingia ndani na kubandua kitu kizuri?

Naserian alifika wiki ya tatu. Alikuja na lori la mizigo kutoka huko Piyaya, njia ya siku nzima na vumbi lake, na ngozi yake imekunjwa na kupakwa chumvi ndani ya kiroba. Kwa kawaida tulipokea ngozi kwa mafungu makubwa, si moja moja. Mlinzi alitaka kumrudisha. Akakaa chini getini, akavua ndara, akasema atasubiri mwenye huruma. Fundi Shabani akatoka.

"Shikamoo, mzee," alisema Naserian. "Hii ni ngozi ya ng'ombe ya yeyo yangu."

Yeyo ni mama, kwa Kimaasai. Mama yake alikuwa amefariki mwanzoni mwa mwaka, baada ya kuugua muda mrefu. Ng'ombe huyo alikuwa wa mama mwenyewe, aliyemkamua kwa mkono wake miaka yote, na ukame ukamwondoa miezi michache baadaye.

"Tuko watoto wasichana watano," alisema Naserian. "Wawili wako Loliondo, mmoja Ngorongoro, mmoja Kenya, na mimi nimebaki nyumbani. Nataka kila mmoja apate mkanda wa kiuno, tushone shanga wenyewe. Yeyo ndiye alitufundisha shanga."

Fundi aliikunjua ngozi juu ya meza. Ilikuwa ngozi ya ng'ombe mzee aliyekufa kwa njaa. Upande mmoja fisi alishaanza. Kulikuwa na makovu ya miiba, alama za chapa, na matundu ya kisu cha mchunaji. Fundi alichukua chaki, akachora pale palipokuwa pazima, mgongoni. Akapima kwa rula, akapima tena.

"Itatoa mikanda mitano, mwanangu," akamwambia. "Wa sita haumo."

"Mitano inatosha," alisema Naserian, na akauweka mkono wake juu ya zile chaki, kama mtu anayempima mtoto homa.

Nilikuwa nimesimama pale pale. Nilijua pipa la pili lina nini ndani. Mdomo wangu ulikuwa na nafasi ya kusema, na Fundi angesikitika kidogo, tungebandua resini kwa dakika kumi, yakaisha. Badala yake nikamuuliza yule mama kama amekunywa chai.

Ngozi yake ililowekwa, ikapita kwenye chokaa, ikatolewa manyoya na kuoshwa, kisha ikaingia pipa la pili pamoja na nyingine. Mbao za pipa zinavimba zikilowa na kusinyaa zikikauka. Resini yangu haikujua kuvimba wala kusinyaa. Ilipata ufa mwembamba, na ufa mwembamba ndio maji ya magome yaliouhitaji.

Walipozitoa ngozi niliitwa kutazama pampu, na nikazikuta zimetandazwa. Ngozi tatu zilikuwa na madoa. Mbili zilikuwa za viatu vyeusi, hakuna aliyejali. Ya tatu ilikuwa na doa la ukubwa wa kiganja, jeusi linaloelekea bluu, limekaa katikati ya mgongo. Niliitambua kabla sijaona matundu ya kisu.

Fundi Shabani alilitazama doa muda mrefu. Hakuuliza nani. Alienda ofisini kwake akarudi na sumaku iliyofungwa kwenye kamba, akaingia ndani ya pipa, akaanza kuipitisha taratibu juu ya kila nati, kibao baada ya kibao. Kwenye pipa la faiba na mbao sumaku haina cha kushika. Alianzia upande wa mbali. Mimi nilisimama mlangoni nikiihesabu milio ya hatua zake. Mpaka leo naamini alijua, na alianzia upande ule ili anipe muda.

Vilipobaki vibao viwili nikasema, "Fundi, acha. Ni cha mwisho. Nimeiweka mimi."

Akaishusha sumaku. "Lini?"

"Wiki sita sasa."

"Na ngozi hii ilipokuja ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

Akatoka ndani ya pipa kwa shida, magoti yake yalikuwa yameshachoka, nami nikampa mkono. Aliupokea, na hilo ndilo lililonitoa machozi, kwamba aliupokea. Akasema, "Nati ingetugharimu dakika kumi, Paskalina. Siku Naserian atakapokuja utaongea naye wewe. Mimi nitakaa karibu, lakini sitakusaidia maneno."

Tulihangaika na lile doa. Tulilisugua kwa asidi ya kuondolea kutu, tukaosha, tukasugua tena. Lilififia, halikutoka. Nilipima kwa rula kila mahali nikitafuta namna ya kulikwepa. Mikanda minne ilitoka safi. Wa tano lazima upite juu yake.

Alikuja siku ya mnada, amevaa vizuri, na begi la shanga mkononi. Fundi akakaa kwenye kigoda chake. Nikaikunjua ngozi. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu alfajiri, nikayapoteza yote.

"Mama, nimeiharibu ngozi ya ng'ombe wa mama yako," nikasema. "Nilivunja nati ya faiba nikaogopa kusema. Nikaweka ya chuma nikaificha. Chuma ndicho kimefanya hivi. Mikanda ni minne. Wa tano una doa."

Aliinama akalitazama. Akapitisha kidole kwenye ukingo wake.

"Halitoki?"

"Tumejaribu. Halitoki. Tunaweza kuipaka yote rangi nyeusi, lisionekane."

Akaniangalia. Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo. "Ulificha mara moja," akasema. "Unataka tufiche mara ya pili?"

Akazihesabu zile sehemu nne safi kwa kidole na kutaja majina ya dada zake polepole, kila mmoja na sehemu yake. Alipofika kwenye doa akasimamisha kidole.

"Huu ni wangu," alisema.

"Mama, wewe ndiye uliyehangaika kuileta," nikamwambia. "Chukua msafi. Waambie wenzako mlichangie doa, mpige kura, chochote."

Akatikisa kichwa. "Wale walimkuta yeyo ameshaoshwa. Amelala vizuri, amefunikwa shuka mpya. Mimi nilimuuguza mwaka mzima. Nilimgeuza, nilimfuta, nilifua. Wao wakumbuke safi. Mimi doa halinitishi."

Kisha akanipa kisu. Alitaka nikate mimi. Nikasema naogopa kuiharibu tena, akasema basi atashika upande wa pili, na akashika, na tukakata ile mikanda mitano mmoja baada ya mwingine, bila haraka, mimi nikilia na yeye akiniambia nikaze mkono.

Jioni ile ile niliingia ndani ya pipa na patasi, nikabandua resini yangu, nikafungua nati ya chuma, nikakata fito mpya na kuifunga kwa vidole na nusu mzunguko. Sikuongeza hata unywele mmoja. Nilifanya kazi miaka mingine mingi baada ya hapo, nikawafundisha wengi, na fito hizi sasa naziona kila mahali, hata kwenye mitambo ya kusafisha maji ya hoteli za watalii huku juu. Kila niliyemfundisha nilimwambia habari za maji baridi, na resini kwenye ncha, na washa pana. Habari ya nati hii niliwaambia wachache, kwa aibu. Leo nimewaambia ninyi wote.

Kwa hiyo, wajukuu zangu, meno ya faiba yakiliwa mkononi mwako, na yataliwa, sema siku hiyo hiyo. Mimi nilichelewa wiki sita, na aliyevaa uchelewaji wangu kiunoni ni mwanamke ambaye tayari alikuwa amebeba mengi peke yake.